Kompyuta iko nyumbani Mtopanga, mimi niko Changamwe: Remote Desktop haiingii nikiwa nje

Mwana_wa_Mtopanga

Assalam aleikum wakuu. Naombeni msaada, nimekwama.

Kompyuta ya mezani iko nyumbani Mtopanga, hapa Mombasa. Ni Windows 11 Pro, na inapata intaneti kwa waifai ya ruta ya faiba. Nataka kuiingia nikiwa kazini Changamwe, na mara nyingine kwa bando la simu nikiwa upande wa Likoni. Nikiwa ndani ya nyumba, laptopu inaingia kwa Remote Desktop (programu ya Windows ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali) kwa anwani 192.168.100.15 bila taabu. Nikitoka nje inazunguka weee, kisha inaleta "Remote Desktop can't connect to the remote computer". Kwenye ruta nimeshafungua poti 3389, mlango wa Remote Desktop, na kuielekeza 192.168.100.15. Kitu ambacho hakinielei ni kuwa ukurasa wa hali ya ruta unaonyesha WAN IP (anwani ya ruta upande wa intaneti) inayoanza na 100.81, lakini tovuti za kuangalia IP zinanipa nyingine kabisa, inayoanza na 41.

Kuna mengine mawili. Kompyuta ikikaa kama nusu saa bila kuguswa, hata humo ndani haipatikani mpaka kibodi iguswe. Na stima ikipotea ikarudi, inabaki imezimika. Nyumbani huwa yuko mama peke yake, na kumpigia simu kila mara aende akabonyeze kitufe si vizuri.

Kazi yenyewe ni hesabu za duka na michoro ya AutoCAD, kwa hivyo nahitaji skrini nzima, si faili tu. Malipo ya kila mwezi nayaepuka nikiweza. Shukran.

---

Nahodha_wa_Waya

Aleikum salaam. Kabla ya lolote, ingia kwenye ruta sasa hivi ufute hiyo kanuni ya poti 3389. Haikufaidi chochote leo, na siku kampuni itakapokubadilishia aina ya anwani, utakuwa umeiacha Remote Desktop wazi kwa dunia nzima bila kujua.

Jibu lako limo kwenye hizo nambari mbili. Anwani zote kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi moja: kampuni za intaneti ziwagawie wateja ndani ya mitandao yao, kwa sababu anwani za hadharani za IPv4, mfumo wa zamani wa anwani, hazitoshi. Kwa hivyo 100.81 haitambuliki nje ya kampuni yako. Ile ya 41 ndiyo inayoonekana nje, lakini mnaitumia wateja wengi kwa pamoja na inakaa kwenye mtambo wa kampuni, si kwenye ruta yako. Ombi la kutoka Changamwe likifika pale likiwa na poti 3389, mtambo haujui ni la mteja gani, unalitupa. Ruta yako hailioni kabisa, ndiyo maana kuifungulia poti hakubadilishi kitu.

Anayesoma hapa akakuta WAN yake inaanza na 10, hali ni hiyo hiyo. Ikianza na 192.168, mara nyingi maana yake nyumbani kuna ruta mbili, moja nyuma ya nyingine, na hilo unaweza kulitengeneza mwenyewe.

Unaweza kuiomba kampuni ikuuzie anwani ya hadharani isiyobadilika, lakini hiyo ni ada ya kila mwezi na umesema huitaki. IPv6, mfumo mpya wa anwani, inafaa ikiwa ipo nyumbani, ofisini na kwenye simu. Ikikosekana mahali pamoja tu, umerudi ulikotoka. Lililobaki ni kugeuza mwelekeo: usigonge hodi kutoka nje, acha kompyuta ya nyumbani itoke yenyewe na kuishika njia. Kwa kawaida ruta na mitambo ya kampuni haizuii kinachotoka.

Mimi ningekuwekea Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa faragha (VPN). Ndani yake ni WireGuard, teknolojia ya VPN, mpango wa mtu binafsi ni wa bure, na haitaki poti yoyote ifunguliwe. Iweke kwenye kompyuta ya nyumbani na kwenye laptopu, uingie kwa akaunti moja kwa zote mbili. Akaunti hiyo iwekee uthibitisho wa hatua mbili, maana atakayeiiba ameshafika mbele ya kompyuta yako.

Kwenye ile ya nyumbani, bofya kulia ikoni yake karibu na saa, nenda Preferences, weka alama kwenye Run unattended. Bila hiyo, kompyuta ikiwaka upya na hakuna mtu aliyeingia kwenye Windows, Tailscale inakaa kimya na wewe uko nje huna la kufanya. Kisha fungua ukurasa wa usimamizi kwenye kivinjari, Machines, nukta tatu mbele ya jina la kompyuta ya nyumbani, Disable key expiry. Hili huachwa na wengi. Kwa kawaida ufunguo wa kifaa huisha baada ya siku 180, na mashine inatoka kwenye mtandao siku ambayo hukuitarajia.

Kila kifaa kitapewa anwani inayoanza na 100 vilevile. Isikuchanganye: Tailscale imetumia safu ile ile ya anwani, lakini yako ya Tailscale haina uhusiano na ile ya WAN.

Usingoje kufika Changamwe ndipo ujaribu. Ukiwa hapo hapo nyumbani, itoe laptopu kwenye waifai, iunge na hotspoti ya simu, fungua PowerShell uandike (badala ya "dawati" weka jina la kompyuta yako):

tailscale ping dawati
Test-NetConnection dawati -Port 3389

Ya kwanza inapima njia, ya pili inapima mlango wenyewe. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikatoa "TcpTestSucceeded : False", usiihangaikie tena intaneti. Njia ipo, ila Remote Desktop haijawashwa au fayawoli ya Windows inazuia. Ya kwanza isipojibu, kompyuta imelala, imezimika, au Tailscale haijawaka. Ukishajua umekatikia wapi, nusu ya kazi imekwisha.

Yote yakishafanya kazi, bana fayawoli ya kompyuta ya nyumbani ikubali Remote Desktop kutoka Tailscale na ndani ya nyumba tu. Fungua PowerShell kama msimamizi:

Set-NetFirewallRule -DisplayGroup "Remote Desktop" -RemoteAddress 100.64.0.0/10,192.168.100.0/24

Na nimsihi kila mwenye anwani ya hadharani: usiiache 3389 wazi. Kuna programu zinazopita kila anwani ya intaneti usiku na mchana zikitafuta poti hiyo na kujaribu majina na paswadi. Kuibadilisha ikawa 33890 hakufichi kitu, kwa sababu wanapima poti zote. Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililoitwa BlueKeep, ambalo mtu aliweza kuingia kwa Remote Desktop ya Windows za zamani bila paswadi yoyote. Ukitaka kuona kama unagongwa, fungua Event Viewer, Windows Logs, Security, uchuje nambari 4625. Ukikuta mistari imejipanga kwa mamia yenye majina usiyoyajua, funga poti kwanza, maswali baadaye.

---

Cyber_ya_Makadara

Mbona safari ndefu hivyo? Aweke AnyDesk au Chrome Remote Desktop, dakika 5 kazi imekwisha. Nazo hutoka zenyewe nje, hazijali hiyo 100.81.

---

Nahodha_wa_Waya

Kweli, zinapita, na kwa mwenye Windows Home ndizo njia ya karibu zaidi. Lakini tazama kazi yake. Programu hizo zinapiga picha ya skrini iliyoko nyumbani. Kwanza mama atayaona mahesabu yote yakifunguka mbele yake. Pili, kompyuta isiyo na skrini iliyounganishwa huleta giza au picha ndogo ya vipimo vya ajabu, mpaka uchomeke kile kiplagi kidogo cha HDMI cha kuidanganya kadi kwamba skrini ipo. Remote Desktop inajitengenezea skrini yake kwa vipimo vya laptopu, na ile ya nyumbani inabaki imefungwa. Tatu, AnyDesk ya bure ni kwa matumizi ya binafsi, naye anafanya hesabu za duka.

Na hakuna hata moja kati ya hizo itakayoiamsha mashine iliyolala kama ndani ya nyumba hakuna kifaa kingine kilicho macho.

---

Bi_Kebo

Nahodha kamaliza upande wa njia. Mimi niseme juu ya mashine yenyewe na stima, kwa sababu hapa Mombasa hapo ndipo mambo haya hufia mara nyingi.

Anza na usingizi. Kompyuta ikilala haisikii kitu. Fungua Terminal kama msimamizi:

powercfg /change standby-timeout-ac 0
powercfg /change hibernate-timeout-ac 0
powercfg /hibernate off

Amri ya tatu inaondoa pia Fast Startup, ile inayofanya "Shut down" isiwe kuzimika kamili. Skrini iache izimike yenyewe, haina neno. Kisha nenda Device Manager, Network adapters, kadi ya mtandao, Power Management, utoe alama kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power".

Pili, iondoe kwenye waifai. Vuta kebo ya Cat 6 kutoka kwenye ruta, ya shaba tupu. Zile za bei ya chini ndani ni alumini iliyopakwa shaba, hukatika upesi zikikunjwa, na ncha zake huota kutu haraka kwa hewa hii ya chumvi. Ukishaiunga, andika Get-NetAdapter uangalie LinkSpeed. Gigabiti 1 hutaka nyaya zote 8 ziwe nzima, ya megabiti 100 hutosheka na 4. Kwa hivyo ukiona 100 Mbps mahali pa 1 Gbps, jua kuna waya umekatika au meno ya plagi yameingia ukungu wa kijani. Kata ncha, bana plagi mpya. Kusugua hakudumu, na kadi ikianza kupanda na kushuka kati ya kasi mbili, Remote Desktop yako itakuwa ikikatika kila baada ya dakika chache na utailaumu intaneti bure.

Sasa stima. Ingia bayosi, mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka (F2, F10 au Del kompyuta inapowaka), utafute mpangilio wa stima ikirudi. Dell huuita AC Recovery, HP huuita After Power Loss, ASUS Restore AC Power Loss. Chagua Power On, si Last State. Humo humo zima ErP (mpangilio wa kubana umeme), au Deep Sleep kwenye Dell, kwa sababu hukata umeme wa kadi ya mtandao kompyuta ikizimika. Lakini kabla hujagusa bayosi, hakikisha unao ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, kufuli la Windows la diski. Windows 11 nyingi za sasa zimefunga diski zenyewe bila mwenyewe kujua, na kubadilisha bayosi kunaweza kuifanya idai tarakimu 48 kabla ya kuwaka. Uangalie kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike karatasini, kisha usimamishe ulinzi kwa mwasho mmoja:

manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 1

Kama kompyuta ina miaka kadhaa, badilisha na betri ya bayosi, ile ya duara, CR2032. Mpya hupima volti 3 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 2.7 itoe. Ikifa, kila stima ikipotea bayosi inasahau ile Power On uliyoiweka, na mashine nyingi husimama kwenye skrini nyeusi zikisubiri mtu abonyeze F1. Hata ikipita hapo, saa inarudi miaka ya nyuma, vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika, na Tailscale inakataa kuunganika. Mtu atahangaika na mtandao wiki nzima kumbe ni betri ya mia na kitu.

UPS (betri ya kushikilia stima ikipotea) mbili ni bora kuliko moja kubwa. Ya ruta iwe ile ndogo ya volti 12, inayoingia moja kwa moja bila kupitia soketi ya 240. Soma nyuma ya ruta: ikiwa ni 12V 1A, ulaji wake wa juu kabisa ni wati 12. Mini UPS iliyoandikwa 10,000 mAh hupimwa kwa volti 3.7, yaani wati-saa 37, ukitoa kinachopotea kwenye kubadilisha volti unabaki na kama 30. Hiyo ni saa 2 na nusu kwa ulaji wa juu, na kwa kawaida ruta hula chini ya hapo. Faiba inayoingia nyumbani moja kwa moja haihitaji stima njiani. Lakini ukikaa kwenye jengo la ghorofa ambalo intaneti inapita kwenye swichi ya chini ya ngazi, UPS yako haitakufaa kitu swichi ile ikizimika. Uliza kabla ya kununua.

Ya kompyuta, 650VA inakupa dakika chache za kuzima salama, si za kufanyia kazi. Iweke mbali na dirisha la jua. Betri hizi za risasi zimepimwa kwa nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zaidi hupunguza umri wake karibu nusu, ndiyo maana za huku hazifiki miaka inayoandikwa kwenye boksi. Jambo moja la kuchunga: UPS ikiiamuru Windows izime, kisha stima ikarudi kabla UPS yenyewe haijaisha, kompyuta haikuona stima ikipotea, kwa hivyo Power On haifanyi kazi na inabaki imezimika. Kwenye programu ya UPS tafuta chaguo la kuzima UPS yenyewe baada ya Windows kuzima.

Kwa hali hiyo ndipo Wake-on-LAN, njia ya kuiwasha kompyuta kupitia kebo ya mtandao, inapofaa. Ni pakiti ndogo ya baiti 102: sita za FF, kisha anwani ya MAC (nambari ya utambulisho) ya kadi ya mtandao ikirudiwa mara 16. Haiwezi kutumwa kutoka Changamwe kwa Tailscale, kwa sababu mashine iliyozimika haiko kwenye Tailscale. Lazima itoke kwenye kifaa kilicho macho ndani ya nyumba. Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, inatosha, ikiwa kwenye ile UPS ya ruta (angalia volti, Pi ni 5). Unaiingia kwa Tailscale, unaandika wakeonlan na MAC, basi. Na ni kwa kebo tu, kwa waifai usitegemee.

Mwisho, kama mita yenu ni ya tokeni: kuinunua kwa M-Pesa kutoka ofisini hakurudishi stima. Zile tarakimu 20 lazima mtu azibonyeze nyumbani. Nunua kabla hazijaisha, usimwachie mama kazi hiyo.

---

Mwana_wa_Mtopanga

Mungu awabariki. Kebo nimevuta, bayosi nimeweka Power On, poti nimefunga, Tailscale iko. Kwa hotspoti tailscale ping inajibu na Test-NetConnection inasema True. Sasa Remote Desktop yenyewe inauliza jina na paswadi, naweka, inakataa: "Your credentials did not work". PIN ni sahihi, ndiyo ninayoingilia kila siku. Laptopu ilikuwa ikiingia zamani bila kuuliza.

---

Mwalimu_wa_Dawati

Ndugu yangu, PIN haivuki mtandao. PIN ni ya kompyuta ile ile tu, imefungiwa ndani ya kifaa. Remote Desktop inataka paswadi ya akaunti. Laptopu yako ilikuwa imehifadhi paswadi kwa jina 192.168.100.15, sasa unatumia jina jipya, ndiyo maana inauliza.

Kwa akaunti ya Microsoft, kwenye jina andika hivi: MicrosoftAccount\ kisha barua pepe yako nzima. Paswadi ni ile ya barua pepe. Ikikataa bado, sababu mara nyingi ni kuwa kompyuta ile haijawahi kuingiwa kwa paswadi, imezoea PIN tu, kwa hivyo haina nakala ya kulinganisha. Nenda Settings, Accounts, Sign-in options, uzime ile ya kuruhusu Windows Hello pekee kwa akaunti za Microsoft. Toka kabisa, kisha kwenye skrini ya kuingilia chagua alama ya ufunguo, uingie kwa paswadi mara moja. Jaribu tena.

Ningekuwa wewe ningekata mzizi wa fitina kwa kutengeneza akaunti ya ndani ya kazi hii tu, yenye paswadi ndefu:

net user kazi * /add
net localgroup "Remote Desktop Users" kazi /add

Nyota inafanya paswadi iulizwe bila kuonekana. Usiiache tupu: Windows huzuia akaunti isiyo na paswadi kuingia kwa mtandao. Jina la kuingilia litakuwa DAWATI\kazi. Ubaya wake ni kuwa AutoCAD na faili zilizo kwenye akaunti yako ya zamani hazitakuwa mezani pa hii, kwa hivyo weka faili za kazi kwenye folda ambayo akaunti zote mbili zimepewa ruhusa, nje ya C:\Users.

Windows Pro inamruhusu mtu mmoja kwa wakati. Ukiingia, aliyeko mbele ya kompyuta anatolewa, kwa hivyo mjulishe mama kama naye huitumia.

Kwa AutoCAD, kwenye kompyuta ya nyumbani fungua gpedit.msc: Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Remote Desktop Services, Remote Desktop Session Host, Remote Session Environment, uwashe "Use hardware graphics adapters for all Remote Desktop Services sessions". Bila hiyo michoro inaweza kuchorwa na prosesa, na kuzungusha umbo la 3D kunakuwa mateso.

---

Pwani_Home_Edition

Samahani kuingilia. Yangu ni Windows 11 Home, na nimeona kuna kitu kinaitwa RDP Wrapper kinachoifungua Remote Desktop bila Pro. Kinafaa?

---

Mwalimu_wa_Dawati

Hapana, dada au kaka. Home inaweza kuiingia kompyuta nyingine, haiwezi kuingiwa kwa Remote Desktop. Kitu hicho kinachezea faili za mfumo, na kila sasisho la Windows linaweza kukivunja ukiwa mbali. Nakala nyingi zinazozunguka hazijulikani zilitoka wapi. Tumia RustDesk au Chrome Remote Desktop, uziweke kama huduma ya kudumu ili ziwake kabla mtu hajaingia. Na mtu yeyote akikupigia simu akidai ni wa benki au kampuni ya simu, akakutaka uweke programu ya aina hii umsomee nambari, kata simu.

---

Mwana_wa_Mtopanga

Imeingia! Kilikuwa kile cha paswadi, MicrosoftAccount\ ilikubali baada ya kuingia mara moja kwa paswadi nyumbani.

Mawili ya mwisho. Kwa bando la simu ni laini kabisa. Kwa mtandao wa ofisi ni nzito, na tailscale ping inasema "via DERP(fra)". Pia mara mbili skrini imeganda baada ya sekunde chache, ikanibidi nifunge na kufungua upya.

---

Nahodha_wa_Waya

DERP ni kituo cha kati cha Tailscale, na "fra" ni Frankfurt. Maana yake laptopu na kompyuta zimeshindwa kuonana uso kwa uso, kwa hivyo kila ukisogeza kipanya, habari inaenda Ujerumani na kurudi Mtopanga. Kwa kebo za chini ya bahari hiyo hupita milisekunde 100, na AutoCAD itakuonyesha. Kwa simu zinaonana moja kwa moja, ndiyo maana ni laini.

Ukiwa ofisini andika tailscale netcheck. Ukiona "UDP: false", fayawoli ya ofisi inazuia UDP (njia ya kutuma data isiyongoja uthibitisho) na Tailscale imelazimika kujipenyeza kwa TCP 443 (njia inayongoja uthibitisho). Zungumza na mtu wa IT wenu, kwanza upate ruhusa yenyewe ya kutumia kitu hiki, kisha umwombe aruhusu UDP itoke, hasa inayokwenda poti 3478 ya kutafutia njia na inayotoka poti 41641 ya mazungumzo yenyewe. Asifungue chochote cha kuingia. Ukiona "UDP: true" lakini "MappingVariesByDestIP: true", ruta ya ofisi inabadilisha poti kwa kila mwelekeo, hapo kuonana moja kwa moja ni kwa bahati, na hotspoti ya simu ndiyo njia yako ya uhakika.

Hili la kuonana moja kwa moja lina faida nyingine. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Kinachopita kwa kituo cha Ulaya kingekwama siku kama hiyo. Changamwe na Mtopanga zikiongea moja kwa moja, na trafiki ya kampuni hizo mbili ikibadilishwa humu humu nchini, data yako haivuki bahari.

Kuganda ni jambo jingine. Remote Desktop hujaribu kutumia UDP yake ndani ya VPN, na hapo picha hukwama huku muunganisho ukionekana bado uko. Ilazimishe laptopu itumie TCP tu. Terminal kama msimamizi, kwenye laptopu, si ya nyumbani, yote mstari mmoja:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows NT\Terminal Services\Client" /v fClientDisableUDP /t REG_DWORD /d 1 /f

Funga Remote Desktop, fungua tena. Kisha kwenye mstsc (programu ya Remote Desktop ya laptopu) bofya Show Options, kichupo cha Display ushushe rangi ziwe biti 16, na kichupo cha Experience utoe alama kwenye picha ya nyuma na madoido ya madirisha. Bitmap caching iache na alama yake. Ukiunganika, bofya ile alama ya nguvu ya mtandao kwenye upau wa juu wa skrini: ikisema UDP imewashwa, ile amri haijashika, na mara nyingi ni kwa sababu Terminal haikufunguliwa kama msimamizi.